Mia ya Tairi Gani? Kutafuta Chanzo cha Matatizo ya Upepo Katika Matairi Mapana ya Baiskeli za Lami

Nilipovua matairi ya milimita 23 kwenye baiskeli yangu nikafunga ya milimita 28, nilikwenda kwa fundi mmoja hapa Malindi nikamwomba ayajaze mpaka mia, yaani psi 100 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), kwa kuwa mia ndiyo namba niliyoizoea. Mzee yule hakuigusa pampu. Aliniuliza, “Mia ya tairi gani, mwanangu?” Swali hilo ndilo ninalolirudia kila ninapoletewa baiskeli yenye matairi mapana pamoja na malalamiko kwamba inatetemesha mikono, inateleza penye kona, inamaliza tyubu au imekuwa nzito kuliko zamani. Mara nyingi tairi lenyewe halina kosa lolote. Limejazwa kwa namba ya tairi jingine.

Kabla ya kulaumu tairi

Dalili haisomeki ikiwa kipimo chenyewe hakiaminiki, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuikagua geji. Pampu mbili za kusimama zikiwekwa kwenye tairi moja zinaweza kutofautiana kwa psi 5 au hata 10, hasa zile ambazo zimekaa miaka katika hewa yetu ya chumvi na mshale wake haurudi tena kwenye sifuri. Si lazima geji iwe sahihi kabisa ili ikufae. Lililo la lazima ni kwamba iwe ile ile kila siku, ili psi 70 ya leo iwe ndiyo psi 70 ya kesho. Anayejaziwa leo na fundi wa sokoni, kesho kwenye kituo cha petroli na kesho kutwa kwa pampu ya jirani hana namba yoyote anayoweza kuitegemea. Aidha, unapofunga mpira wa pampu kwenye valvu nyembamba ya Presta, sehemu ndogo ya upepo wa tairi huingia ndani ya mpira huo, na geji husoma chini kidogo ya kile kilichokuwamo. Usidhani kwamba tairi lilivuja usiku. Mashine ya kituo cha petroli nayo imeundwa kwa matairi ya magari yenye ujazo mkubwa, na tairi la baiskeli hupita kiwango chake ndani ya sekunde chache. Binafsi siitumii ila nikiwa sina njia nyingine, na hata hapo huibonyeza kwa vipindi vifupi sana.

Jambo la pili ni upana wa kweli wa tairi, ambao si lazima ulingane na ule ulioandikwa ubavuni. Maandishi 28-622 yana maana ya upana wa milimita 28, na 622 ni kipenyo cha rimu mahali tairi linapokaa. Hapa nimeona watu wakichanganyikiwa, na hawastahili kulaumiwa: Black Mamba, baiskeli ambayo wengi wetu tulijifunzia, huvaa tairi lililoandikwa 28 x 1½, na hiyo 28 ni inchi za kipenyo cha gurudumu zima, ilhali 28 ya 700 x 28C ni milimita za upana wa tairi peke yake. Isitoshe, upana wa rimu hubadilisha upana wa tairi. Tairi la 28 likifungwa kwenye rimu ya kisasa yenye milimita 21 kwa ndani linaweza kufikia milimita 30, na kwenye rimu ya zamani ya milimita 15 huenda lisifike hata hizo 28 zilizoandikwa. Lijaze, liache usiku kucha litanuke, kisha lipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana kwa milimita. Namba utakayoipata ndiyo ya kufanyia kazi.

La tatu ni uzito, yaani wa mpandaji, baiskeli, maji na mizigo kwa jumla. Mimi na vitu vyangu vyote tunafika kilo 85. Kwenye lami nzuri huanza na psi 72 nyuma na 66 mbele kwa tairi linalopima milimita 28. Kwa milimita 32 huanza na 60 nyuma na 54 mbele. Kwa milimita 35 huanza na 50 nyuma na 46 mbele. Kwa kila kilo 5 zinazozidi au kupungua, ongeza au punguza psi 3 hivi. Gurudumu la nyuma hupewa zaidi kwa sababu hubeba zaidi ya nusu ya uzito. Hizo ni namba za kuanzia safari ya kutafuta, na dalili zinazofuata ndizo zitakazokuonyesha uelekee wapi.

Kuna mpaka mmoja usiovukwa kwa dalili yoyote ile. Rimu nyingi za kisasa hazina tena ule mdomo wa kulabu unaoshika ukingo wa tairi, na kwa rimu za aina hiyo kiwango cha juu kabisa ni bar 5, yaani psi 72.5, tena kwa tairi ambalo mtengenezaji wake amelikubali kwa rimu hiyo. Ikiwa uzito wako unadai zaidi ya hapo, suluhisho ni tairi pana zaidi. Kuongeza upepo juu ya mpaka huo kunaweza kulichomoa tairi kwenye rimu ukiwa mwendoni.

Mikono inakufa ganzi na baiskeli inarukaruka

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na humshangaza mwenye baiskeli kwa sababu alinunua tairi pana ili apate utulivu. Anasafiri kutoka Malindi hadi Gede kwenye lami iliyochakaa, na anapokata kushoto kuelekea Watamu vidole vyake havina hisia tena. Ukipima, unakuta psi 95 au 100.

Ngozi ya tairi hufanya kazi kama ngozi ya ngoma: kadiri inavyowambwa kwa nguvu ndivyo inavyorudisha kila pigo kwa aliyelipiga. Mvutano wa ngozi hiyo hutokana na vitu viwili vinavyozidishana, yaani shinikizo la upepo na upana wa tairi. Shinikizo likibaki psi 100 na upana ukatoka milimita 23 kwenda 28, mvutano huongezeka kwa takribani asilimia 22. Ukienda milimita 32, huongezeka kwa takribani asilimia 39. Kwa maneno mengine, aliyefunga tairi pana bila kubadilisha namba ya pampu amejitengenezea tairi lililowambwa kuliko lile jembamba alilolikimbia. Ili kuurudisha tu mvutano ule wa zamani, tairi la 28 linahitaji psi 82 na la 32 linahitaji psi 72, na hapo bado hujaionja faida yoyote ya upana. Faida huanza ukishuka chini ya namba hizo.

Wengi hukataa kushuka kwa kuhofia kupoteza mwendo. Hofu hiyo ina asili yake. Tairi likizungushwa juu ya pipa laini la chuma katika maabara, upepo mwingi hupunguza ule upotevu wa nguvu unaotokana na mpira kujikunja na kujikunjua. Barabara ya Malindi, hata hivyo, si pipa la chuma. Juu ya lami yenye vipele, tairi gumu haliwezi kumeza kokoto, kwa hiyo huirusha baiskeli nzima pamoja na aliyeipanda, na nguvu iliyokusudiwa kukupeleka mbele huishia kutikisa misuli yako. Jan Heine, mwandishi wa masuala ya baiskeli anayeishi Seattle nchini Marekani, ni miongoni mwa waliolisisitiza jambo hili kwa majaribio yaliyofanyika barabarani, na leo hata waendeshaji wa mashindano makubwa ya Ulaya wameacha matairi ya milimita 23. Ninalieleza kwa urefu kwa sababu nimewaona vijana wakiacha kuendesha wakiamini kwamba mgongo wao ni dhaifu, wakati kilichohitajika ni kubonyeza valvu kwa muda mfupi tu.

Namna ya kuthibitisha ni hii. Chagua kipande kimoja cha barabara chenye urefu wa kilomita moja hivi, ambacho kina lami nzuri na mbaya pamoja. Kipite kwa mwendo wako wa kawaida, punguza psi 5 kwa kila gurudumu, kisha ukipite tena. Endelea hivyo mpaka baiskeli ianze kuhisi kama inalegea penye kona au unapopiga pedali ukiwa umesimama, halafu rudisha psi 3. Kipimo kingine kinahusishwa na Frank Berto, mhandisi na mwandishi Mmarekani aliyependekeza kwamba tairi lishuke kwa takribani asilimia 15 ya kimo chake linapobeba uzito. Kwa tairi la 28 hiyo ni milimita 4 hivi, na kwa la 32 ni milimita 5 hivi. Egemea ukutani ukiwa umekaa kwenye siti na mikono ikiwa kwenye usukani, mwenzako apime kwa rula kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa rimu, kisha ushuke naye apime tena. Rula haitakupa usahihi wa maabara, lakini itakuambia mara moja kama tairi limeshuka milimita 1 au 8.

Ikiwa umeshuka mpaka namba za kuanzia na mikono ingali inakufa ganzi, hapo ndipo uangalie urefu wa usukani na pembe ya siti.

Gurudumu linateleza au linadunda unapofunga breki

Tairi lililojazwa kupita kiasi hugusa ardhi kwa eneo dogo na huruka juu ya vipele badala ya kuvishika, na mwenye baiskeli huisikia breki ikikamata na kuachia kwa zamu. Kwenye kabro za mjini zenye unyevu wa asubuhi, psi 8 au 10 za ziada huonekana wazi. Zipunguze kama ilivyoelezwa juu. Mchanga ni habari nyingine. Karibu na ufuo upepo huutandaza juu ya lami kama unga, na hakuna shinikizo la tairi la lami litakaloufanya ushikike. Punguza mwendo kabla ya kona wala usiikate kona ukiwa umeinama.

Pancha zinarudi kila wiki

Anayepata pancha nyingi huongeza upepo kabla ya kuuliza pancha ni ya aina gani. Itoe tyubu, ijaze kidogo, itumbukize ndani ya karai la maji, na ulisome tundu. Ili usomaji huo uwe na maana, jenga desturi ya kufunga tairi huku nembo yake ikielekea kwenye valvu, kwani ukilipata tundu kwenye tyubu utajua papo hapo ni sehemu gani ya tairi ya kukagua.

Matundu mawili madogo yanayokaa sambamba, kama alama ya meno, yana maana kwamba tyubu ilibanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo. Hapo upepo ulikuwa kidogo kwa uzito na mwendo uliokuwa nao. Ongeza psi 5, na ukague rimu kwa kidole kama imepinda. Ikiwa tukio lilitokea mara moja tu, kwenye yale mashimo yenye kingo kali yanayoachwa na masika, usikimbilie kubadilisha namba yako. Kuna mashimo ambayo hata psi 100 haiyastahimili. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au kigae. Huku kwetu mbigili ndiyo mkosaji mkuu, hasa kwa anayetoka kwenye lami kuwapisha bodaboda, na kuongeza upepo hakukusaidii kitu. Kwa kweli tairi lililokazwa sana huuchoma mwiba kwa nguvu zaidi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, kwani mwiba uliobaki utaitoboa tyubu mpya kabla hujafika nyumbani.

Tundu upande wa ndani, ule unaoelekea kwenye spoki, halihusiani na upepo wala na barabara. Utepe wa rimu, ule unaofunika matundu ya spoki, umehama, au ni mwembamba kuliko rimu, jambo ambalo hutokea sana kwa waliohamia rimu pana huku wakihifadhi utepe wa zamani. Mpasuko kwenye shina la valvu huonyesha kwamba tyubu inatembea ndani ya tairi. Tazama valvu: ikiwa imeinama upande mmoja, tairi limekuwa likizunguka kidogo juu ya rimu kila ufungapo breki, na hiyo ni dalili ya upepo kidogo mno.

Baiskeli inayumba kana kwamba tairi linajikunja

Hii ndiyo dalili ya aliyeshuka kupita kiasi. Mbele, usukani huitika kwa kuchelewa. Nyuma, baiskeli hunesanesa ukisimama juu ya pedali kupanda daraja. Ongeza psi 5 kwenye gurudumu husika peke yake. Yumbo likiisha, umepata jibu. Likibaki vile vile, acha upepo na ukague gololi za ekseli na kukaza kwa spoki, kwani chumvi ya bahari huzila gololi kimyakimya, na dalili zake hufanana mno na za tairi laini.

Imekuwa nzito

Kabla ya kuishika pampu, uliza pepo zinavuma kutoka wapi. Katika miezi ya Kusi anayekwenda Gede hupambana nazo usoni, na Kaskazi ikishika zamu ndiye anayerudi Malindi anayetaabika. Nimeletewa baiskeli nzima kabisa ambayo kosa lake lilikuwa majira ya mwaka. Baada ya hapo, inua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Tairi pana lililowekwa katika fremu iliyoundwa kwa tairi jembamba linaweza kuikwaruza breki au uma, na wakati mwingine hukwaruza tu pale baiskeli inapoinama. Mimi hutaka nafasi ya milimita 4 kila upande, na ikiwa haipo hurudi kwenye tairi la upana mdogo zaidi hata kama moyo unauma. Lililobaki ni tairi lenyewe: lenye ngozi nene na ngumu litakuwa zito kwa shinikizo lolote, na kulikazia upepo huongeza mtetemo bila kuongeza mwendo.

Asubuhi laini, ingawa jana mchana lilikuwa sawa

Upepo uliofungiwa ndani ya tairi huongezeka shinikizo unapopata joto. Tairi la psi 75 lililojazwa kwenye nyuzi 26 za Selsiasi husoma karibu psi 81 upepo wake ukifika nyuzi 46, jambo la kawaida kwa baiskeli iliyoegeshwa juani saa saba mchana. Anayepima wakati huo na kupunguza “kilichozidi” hulikuta tairi kesho yake alfajiri likiwa limepungukiwa na psi 6. Pima asubuhi, kivulini, kabla ya kutoka. Kushuka kwa psi chache kwa wiki ni kawaida ya tyubu ya butili, yaani ule mpira wa tyubu nyingi. Tyubu ya lateksi hupoteza zaidi ya hapo kwa siku moja tu na hudai kujazwa kila asubuhi. Linaloshuka kwa saa chache lina tundu, au kiini cha valvu kimelegea: tia tone la maji juu yake uangalie kama linatoa mapovu.

Kwa matairi yasiyo na tyubu, dawa ya kuziba iliyo ndani hukauka upesi katika joto letu, kwa hiyo ichungulie kila baada ya miezi miwili. Ukisikia mlipuko mfupi wa upepo ubavuni mwa tairi unapokata kona, na dawa ikamwagika juu ya rimu, ukingo ulijiachia kwa sekunde moja kwa sababu shinikizo lilikuwa chini mno. Ongeza psi 4 au 5.

Safari ya mzigo na ya njia ya vumbi

Namba moja haitoshi kwa mwenye baiskeli anayevuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui siku moja na siku nyingine akaelekea Marafa. Kwenye marami iliyofanya mawimbi napunguza psi 6 kutoka namba zangu za lami na kwenda polepole penye mawe. Nikibeba kilo 10 nyuma, naongeza psi 5 au 6 gurudumu la nyuma na kuliacha la mbele kama lilivyo. Chini ya fremu yangu kuna kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu: 72 na 66 lami, 66 na 60 Marafa, 78 na 66 mzigo. Kila nibadilishapo matairi hukibandua, nikapima upana upya kwa kalipa, nikaandika kingine.